Anza na biwi, mbegu baadaye: mwongozo kamili wa bustani ya magunia bila dawa za dukani kwa nyumba za Mwanza

Kila Oktoba mvua za kwanza zikishuka, majirani zangu hapa Bugarika hukimbilia duka la pembejeo kununua mbegu. Miche inatoka, inapendeza wiki mbili, kisha majani yanageuka njano na mmea unadumaa. Ikifika Desemba gunia limebaki na vijiti, na mwenye bustani anasema kulima bila mbolea ya dukani haiwezekani.

Inawezekana. Kosa ninalolikuta karibu kila nyumba ni moja: mtu ameanza na mbegu wakati udongo bado haujawa tayari. Udongo wa milima yetu umetokana na kumomonyoka kwa haya mawe makubwa ya matale tunayojengea nyumba juu yake. Ni wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni. Ukimwagilia asubuhi, saa nane mchana umekauka, na rutuba kidogo iliyokuwamo imeshuka na maji. Mmea hauwezi kuishi humo bila mboji, yaani mbolea inayotokana na majani, mabaki na samadi vilivyoozeshwa pamoja kwenye rundo moja, ambalo ndilo biwi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mboji, na mbegu zitasubiri.

Faida nitazitaja kwa kifupi. Unajua mboga yako ilipuliziwa nini na lini. Unachuma ya jioni hii kwa ajili ya ugali wa jioni hii. Kiangazi, Juni hadi Septemba, mchicha unapoadimika sokoni, wako upo nje ya mlango. Na kuna jambo linalonigusa zaidi kama mtu wa ziwani: mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani na mitaani huishia ziwani na kulisha magugu maji. Ukiyachukua magugu hayo ukayafanya mboji, unairudisha rutuba nchi kavu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa biwi moja la mita moja kwa mita moja:

- Vikavu, ndoo 30 hadi 35 za lita 20: majani ya mpunga, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, nyasi kavu, majani makavu ya miembe
- Vibichi, ndoo 15 hadi 20: magugu maji yaliyonyaushwa, mabaki ya mboga, maganda ya ndizi na viazi, majani mabichi
- Samadi ya ng'ombe au mbuzi, ndoo 6 hadi 8 (ya kuku, ndoo 3 zinatosha)
- Majivu ya kuni au mkaa, kopo moja au mawili
- Turubai kuukuu au mifuko ya salfeti iliyopasuliwa ya kufunikia
- Uma au beleshi, panga, na mti mnyoofu wa mita moja na nusu

Kwa kila gunia la mboga:

- Mfuko wa salfeti wa kilo 100 uliobebea nafaka. Usitumie uliobebea mbolea ya viwandani au dawa ya mifugo
- Nusu ndoo ya mawe ya ukubwa wa ngumi
- Dumu la mafuta ya kula la lita 5, likatwe juu na chini libaki bomba
- Udongo ndoo 2 na mboji ndoo 2

Biwi la ukubwa huu likiiva hunywea hadi nusu au chini ya hapo. Utapata mboji ya kutosha magunia manane hadi kumi. Kwa familia ya watu sita, mimi huanza na magunia sita na mboji inayobaki naiweka akiba ya kuongezea.

## Hatua ya 1: Panga tarehe kwa kurudi nyuma

Mboji inahitaji wiki nane hadi kumi. Ukitaka kupanda mwishoni mwa Oktoba, vuli inapoanza, biwi lako lisimame katikati ya Agosti. Ukitaka mboga za kiangazi, anza Machi.

Ukikuta umechelewa, usinunue mbegu kujifariji. Anza biwi leo, upande litakapoiva. Gunia linamwagiliwa kwa mkono, kwa hiyo halifungwi na msimu wa mvua kama shamba.

## Hatua ya 2: Chagua mahali pa biwi na pa magunia

Biwi likae kivulini, juu ya udongo. Usiliweke juu ya sakafu ya saruji, maana wadudu wa ardhini na nyungunyungu hupanda kutoka chini. Liwe mbali na mfereji wa maji ya mvua. Milima yetu ina miteremko mikali. Mvua moja ya usiku inaweza kukusombea kazi ya mwezi mzima hadi barabarani.

Magunia yanataka jua la saa sita kwa siku. Mahali pazuri ni panapopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa tisa.

Jihadhari na mawe. Jiwe kubwa linalopigwa na jua mchana hubaki na joto hadi usiku. Niliwahi kuegemeza magunia matatu kwenye jiwe la nyuma ya nyumba kwa sababu yalisimama vizuri, na upande ulioegemea jiwe kila mche ulikauka huku wa pili ukistawi. Acha nafasi ya hatua moja.

Weka pia akilini kwamba gunia lililojaa na kulowa huzidi kilo 100. Halihamishiki. Usilipandishe kwenye roshani ya mbao wala kwenye ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji.

## Hatua ya 3: Kusanya malighafi, na uyashughulikie magugu maji kwa akili

Vikavu havisumbui. Wakati wa mavuno ya mpunga, majani yake hupatikana Misungwi, Magu na Sengerema, na wenye majaruba wengi huyachoma tu. Pumba za mpunga kutoka mashineni zinafaa kwa kiasi kidogo, kwa sababu ni ngumu na huchelewa kuoza. Maranda ya seremala ni hivyohivyo. Yakiwa ya mbao zilizopakwa dawa, yaache.

Magugu maji ndiyo utajiri wa mji huu, na ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa.

Usiingie majini kuyachuma. Kingo za ziwa zenye magugu zina konokono wanaobeba kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi ukiwa umesimama kwenye maji ya kina kifupi. Humo pia hujificha nyoka, na kuna sehemu zenye mamba. Nenda mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, uombe yale ambayo wavuvi wameshayavuta nchi kavu kupisha mitumbwi. Vaa gambuti na glavu, kwa sababu hata yale ya ukingoni huwa yamelowa.

Angalia yanakotoka. Mizizi ya mmea huu hufyonza madini mazito yaliyomo majini. Usichukue karibu na mdomo wa Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji na kubeba maji machafu ya mitaani, wala karibu na mabomba ya viwanda. Hata penye maji safi, kata mizizi kwa panga na utumie majani na mashina peke yake.

Yanyaushe hukohuko. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ukiyapakia mabichi kwenye bajaji, unalipia nauli ya maji. Siku mbili au tatu za jua zinatosha. Yakatekate vipande vya urefu wa kidole, maana mashina mazima hubaki na hewa ndani na huoza polepole.

Yasikae kwenye mtaro. Mbegu zake huishi miaka mingi kwenye tope. Mabaki yote yaingie kwenye biwi, katikati penye joto.

Kuhusu samadi, muulize mfugaji kama ng'ombe walilishwa nyasi zilizopuliziwa dawa ya kuua magugu. Baadhi ya dawa hizo hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuisha nguvu, na ukizipeleka bustanini nyanya na maharage hujikunja majani.

Vitu visivyoingia kabisa: kinyesi cha mbwa, cha paka na cha watu; nyanya au bilinganya zilizokufa kwa ugonjwa; plastiki; mafuta ya kupikia. Mapanki (mifupa ya sangara iliyobaki baada ya kutolewa minofu) na vichwa vyake vina rutuba nyingi, lakini harufu yake huita panya na mbwa wa mtaa mzima. Kwa nyumba zilizobanana kama zetu, nashauri uyaache.

## Hatua ya 4: Pandisha biwi kwa siku moja

Siku moja, ndugu yangu. Wengi hutupa maganda kila jioni kwa mwezi mzima wakidhani wanatengeneza mboji. Rundo la namna hiyo halipati joto kamwe, kwa sababu kila siku linaongezewa kidogo na kinachooza kinatangulia kingine. Joto ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu vya samadi. Weka akiba yako pembeni, kisha ipange yote kwa mara moja.

1. Tifua udongo wa chini kidogo, tandika vijiti na matawi unene wa kiganja. Hewa itapita hapo.
2. Vikavu, sentimita 20. Mwagia maji hadi vilowe vyote.
3. Vibichi, sentimita 10.
4. Samadi, sentimita 5.
5. Nyunyizia udongo mkavu na majivu kwa vidole, kama unavyotia chumvi. Majivu mengi huharibu mboji.
6. Rudia hadi biwi lifike kifuani kwa mtu wa kimo cha kawaida, mita moja au zaidi kidogo. Malizia na vikavu.
7. Chomeka ule mti kwa mshazari hadi katikati. Funika kwa turubai.

Usipunguze chini ya mita moja kila upande. Biwi dogo hupoteza joto haraka kuliko linavyolitengeneza. Kama uwanja wako hautoshi, lijengeni wawili au watatu kwa jirani mwenye nafasi, mgawane.

Kupima unyevu, chukua konzi ya mchanganyiko uikamue. Yakitoka matone mawili matatu, umepatia. Yakichuruzika, umezidisha. Yasipotoka na konzi ikaachana, ongeza maji.

Utajuaje umefaulu: siku ya tatu au ya nne, chomoa mti. Sehemu iliyokuwa ndani iwe ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika kwa muda. Katikati ya biwi zuri hufika nyuzi 55 hadi 65.

Mti ukitoka baridi na mkavu, kosa ni maji. Ukitoka baridi na umelowa, vibichi au samadi havikutosha. Ukitoka na vumbi jeupe kama unga, biwi linakauka ndani. Ukinuka mayai viza, limezama majini. Libomoe, changanya vikavu, lipange upya. Kubomoa na kurudia kunauma, lakini kusubiri wiki nane kwa biwi lililokufa kunauma zaidi.

## Hatua ya 5: Geuza, halafu geuza tena

Geuza wiki ya pili, ya nne na ya sita. Kilichokuwa nje kiingie ndani, cha juu kiende chini. Kila kipande kinapaswa kupitia joto la katikati angalau mara moja, la sivyo mbegu za magugu zilizokaa pembeni zitakuotea kwenye gunia.

Baada ya kila kugeuza joto hupanda tena. Safari utakayogeuza na joto lisipande tena, mboji inakaribia. Iache itulie wiki mbili zaidi bila kuigusa.

Mboji iliyoiva ni nyeusi au kahawia nzito, hunukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, na huwezi kutambua lipi lilikuwa jani la mpunga na lipi maganda. Kama bado una shaka, panda mbegu kumi za mchicha kwenye kopo lenye mboji hiyo. Nane zikiota na majani ya kwanza yakiwa kijani safi, tumia. Zikiota chache na kuungua ncha, subiri.

Najua hamu ya kuruka hatua hii kwa kutumia samadi moja kwa moja. Msimu wangu wa kwanza nilichanganya mbolea mbichi ya kuku kwenye magunia yote, na baada ya siku tano sukuma wiki zote zilikuwa zimeungua kuanzia mizizini. Mbali na kuunguza, samadi mbichi ina vijidudu vya tumbo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mboga za gunia huvunwa mapema kuliko hapo.

## Hatua ya 6: Kitalu, mboji ikiwa kwenye wiki ya sita

Mchicha, mgagani na figiri havihitaji kitalu. Mbegu zake humwagwa juu ya gunia. Sukuma wiki, chainizi, spinachi, mnafu, nyanya na nyanya chungu vinahitaji.

Tumia beseni kuukuu lenye matundu chini. Changanya udongo, mboji iliyoiva ya biwi la zamani au ya jirani (yako bado haijaiva) iliyochekechwa, na mchanga kwa kiasi sawa, kisha mwagia maji yanayochemka na uache upoe. Maji hayo yanapunguza vijidudu vya kinyausi, ule ugonjwa unaofanya miche ianguke kwa kuoza shingoni usiku mmoja. Piga mistari, weka mbegu kina cha sentimita moja, funika na nyasi. Zikichomoza, ondoa nyasi na uweke kivuli cha juu.

Wiki ya mwisho punguza maji na kivuli ili miche ikomae. Mche wa kupandikiza una majani manne au matano na shina la unene wa penseli. Mche mrefu mwembamba umekosa jua, hautasimama.

Ukinunua mbegu zilizopakwa rangi ya waridi, bluu au kijani, ujue zimefunikwa dawa. Tafuta zisizopakwa, au tunza zako.

## Hatua ya 7: Jaza gunia

Changanya udongo na mboji nusu kwa nusu. Kama udongo wako ni wa mbuga, ule mweusi unaopasuka ukikauka, ongeza nusu ndoo ya mchanga mkubwa.

Kunja mdomo wa gunia nje mara mbili ili usimame. Weka udongo wa kiganja kimoja chini. Simamisha bomba la dumu katikati, lijaze mawe, kisha zungushia udongo nje yake hadi lifike ukingoni. Livute juu, lijaze mawe tena, zungushia udongo. Endelea hadi nguzo ya mawe ifike juu kabisa, halafu uliondoe.

Nguzo hiyo ndiyo roho ya gunia. Bila nguzo maji hubaki juu, na mimea ya chini hufa kwa kiu huku ya juu ikioza. Wengi huiruka kwa kuona ni usumbufu, na ndio wanaoniambia gunia lao limekauka chini.

Mwagia ndoo nzima ya maji, uache siku mbili lishuke. Jaza pengo litakalotokea. Kisha toboa matundu ubavuni kwa kisu, umbali wa sentimita 20, matundu sita kwa mzunguko, mizunguko mitatu, yakipishana. Tundu liwe mkato mdogo wa kutosha kupitisha mzizi. Kubwa humwaga udongo.

## Hatua ya 8: Pandikiza jioni

Baada ya saa kumi na moja. Mwagilia kitalu kwanza, ng'oa mche na udongo wake, ingiza mizizi kwa kidole ikielekea chini kidogo, bana udongo.

Ubavuni weka sukuma wiki, chainizi na spinachi. Juu weka nyanya mbili au nyanya chungu, au sia mchicha. Usichanganye vyote juu. Nyanya ikishakua itauzibia mchicha jua.

Mche kunyauka siku mbili za kwanza ni kawaida. Ukiamka asubuhi ya nne umesimama na jani changa limeanza katikati, umeshika.

## Hatua ya 9: Maji

Lita 5 asubuhi kwa kila gunia, na kiangazi lita 5 nyingine jioni. Nusu mimina kwenye mawe polepole, nusu juu ya udongo. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole kwenye tundu la chini. Kikitoka na udongo uliogandamana, acha hadi kesho.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Ya kufulia yenye dawa ya kutoa madoa hayafai. Juu ya gunia tandaza nyasi kavu unene wa vidole viwili. Kwa jua la Septemba, hilo peke yake hupunguza mizunguko ya maji.

## Hatua ya 10: Wadudu, bila hofu

Kila asubuhi geuza majani matano uone chini yake. Vidukari wakiwa wachache, wasugue kwa vidole au wapige kwa maji. Viwavi waokote. Kazi hii ya dakika tano huzuia robo tatu ya matatizo ninayoitiwa.

Wakizidi, tumia mwarobaini. Twanga kilo moja ya majani mabichi, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa. Nyunyiza jioni, chini na juu ya majani, rudia baada ya siku tano hadi saba. Jua huivunja nguvu haraka, ndiyo maana ya kunyunyiza mchana haisaidii. Usitarajie wadudu waanguke papo hapo. Kwa kawaida hupoteza hamu ya kula na kushindwa kukua.

Usitumie maji ya tumbaku hata ukiambiwa ni dawa ya asili. Nikotini ni sumu kwa mtu pia, na tumbaku huweza kuambukiza nyanya ugonjwa wa virusi.

Kuku wanashinda wadudu wote kwa uharibifu. Zungushia chandarua kuukuu.

## Hatua ya 11: Vuna vizuri, kisha lilishe gunia

Mchicha wa kumwaga huwa tayari baada ya wiki tatu hadi nne. Ung'oe uliobanana kwanza, uliobaki uukate juu ya jani la pili nao utachipua. Sukuma wiki chuma majani ya chini, mawili au matatu kwa mche, uache sita ya juu. Anayekwangua mche mzima hupika siku moja na kusubiri mwezi.

Kila wiki tatu ongeza konzi nne za mboji juu ya gunia. Majani ya zamani yakianza njano kutoka chini kwenda juu, chakula kimepungua. Usisubiri wiki ya tatu.

Baada ya miezi minane hadi kumi mizizi itakuwa imejaa na salfeti imeanza kuchakaa kwa jua. Limwage kwenye turubai, ondoa mawe na mizizi mikubwa. Mizizi ikiwa na vinundu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo: udongo huo uanike juani wiki tatu ukiugeuza, na usipande nyanya humo msimu unaofuata. Usipoikuta minyoo hiyo, changanya udongo wa zamani ndoo mbili na mboji mpya ndoo moja, ujaze mfuko mpya. Kufikia hapo biwi lako la pili linapaswa kuwa kwenye wiki ya nane.